Moshi Siku ya Mfungo

Jumapili ile mchungaji Crane aliposimama na karatasi ya gavana mkononi, watu wa Harrowfield walijua kabla hajaisoma kwamba Mungu amewakasirikia tena. Walikuwa wameshazoea. Viwavi wakila mahindi, mfungo. Ndui ikibisha hodi, mfungo. Nyota yenye mkia ikipita angani, mfungo. Mungu wao alikuwa mkali, nao walijitahidi kwa kila namna wasimwache awazidi ukali. Safari hii ilikuwa vita. Tangu theluji ilipoyeyuka, Wanipmuk, wenyeji wa asili wa nchi ile, walikuwa wakichoma miji ya mpakani, leo huu, wiki ijayo ule, na Waingereza wakichoma vijiji vya Wanipmuk na waliomo ndani.

Mfungo ulitangazwa kuwa Alhamisi. Hakuna kazi, hakuna chakula, na hakuna moto. Hili la moto lilikuwa la Harrowfield peke yao, maana miji mingine haikufika huko. Makaa yalifukiwa majivuni Jumatano jioni, na dohani yoyote isitoe moshi mpaka jua lizame siku ya pili. Kila mwenye miguu alitakiwa awe katika nyumba ya ibada tangu ngoma ya asubuhi, na konstebo alipita nyumba kwa nyumba kuwatoa wanaojificha chini ya blanketi.

Tamsin Ludkin, kwenye benchi la wanawake, alisikia neno Alhamisi akashika ukingo wa benchi. Alhamisi ilikuwa siku yake. Ndiyo siku aliyokuwa arudishiwe mtoto.

Alikuwa mjane wa miezi mitatu. Asubuhi ya uvamizi mumewe, Thomas, alitoka kuchota maji, akarudi mlangoni anatambaa, shoka limesimama katikati ya mabega. Tamsin alimvuta ndani kwa kwapa. Alipogeuka kumtafuta binti yao Dorkas, aliona nywele tu, zimeshikwa na mkono wa mtu kando ya boma, na miguu midogo inaburuzwa kuelekea msituni. Nyumba ya jirani, ya shemeji yake Gideon, ilikuwa inawaka. Gideon alikuwa malishoni. Aliporudi aliwakuta mkewe na wanawe wawili wamebanana chini ya ngazi, na ilibidi awazike pamoja kwa sababu hawakuachanishika.

Tangu siku hiyo Gideon hakulala kitandani. Alilala amekaa, bunduki mapajani, na macho yake yakawa mekundu kama ya mpika sabuni.

Habari za Dorkas zililetwa na Eleazar. Huyu alikuwa Mnipmuk wa Maombi, yaani mmoja wa wale waliobatizwa, wakakata nywele, wakavaa suruali na kujenga nyumba zenye pembe ili Waingereza wawaone kuwa watu. Kwa miaka mingi aliwajengea akina Ludkin kuta za mawe. Vita vilipoanza mwaka uliopita, serikali iliwakusanya wenzake wote na kuwatupa kisiwani, baharini, wakati wa baridi, hawana paa wala kuni, wanakula kome. Eleazar hakuwa kijijini siku waliyokamatwa. Mkewe na mwanawe walikuwamo.

Alimtokea Tamsin katikati ya mahindi, alfajiri, amechutama.

"Usipige kelele, mama Dorkas. Ni mimi."

"Eleazar! Wakikuona hawa watakuchuna."

"Na wale wakiniona watanichuna vilevile. Nimeshazoea kukimbizwa na pande mbili. Sikiliza. Mtoto yu hai."

Tamsin alikaa chini, palepale kwenye udongo.

"Amekonda," Eleazar alisema, "lakini mdomo haujakonda. Ananisahihisha Kiingereza changu. Yuko kwa bibi mmoja aliyefiwa na mjukuu, na bibi huyo amechoka na vita. Amekubali niondoke naye. Ila kambi inahamia kaskazini mwezi ukianza kupungua, na huko mimi siwezi kufika. Nitamleta Alhamisi. Nitakuwa pale juu, Mlima wa Miba, kabla ya jua kuchomoza."

"Nije kumpokea?"

"Usithubutu. Askari wanapita humu wanalala katika nyumba yako bila kuombwa. Nikiona dohani yako inatoa moshi, nitajua kuko salama, nitashuka. Nisipoona moshi, nitajua kuna jambo, nitageuza. Na nikigeuza, ndiyo basi tena."

"Utaniona nawasha hadi paa liungue," alisema Tamsin. Kisha akamuuliza anachotaka, maana alijua hakuna anayekuja hivi hivi katikati ya vita.

Eleazar alichuma jani la mhindi akalikunja. "Mwanangu alipokataa kutoka tumboni, nani alimtoa? Si wewe, mikono imejaa damu hadi kwenye viwiko, unanitukana nikalete maji? Basi. Na tena mke wangu yuko kisiwani. Watu wa hapa wakiniona nimemrudisha mtoto wao kwa miguu yangu, huenda mmoja akasema kwa wakubwa, huyu na wa kwake ni watu, watoeni. Mmoja tu anatosha."

Ndiyo hayo. Halafu ndiyo mchungaji akasoma Alhamisi.

Jumatano mchana Tamsin alikwenda kwa mchungaji Crane. Hakuwa mtu mbaya, Crane. Alikuwa kijana wa vitabu, sauti nzuri, vidole vyembamba, na alipenda kupendwa. Tamsin alimweleza yote, amesimama, hakukubali kiti. Mchungaji alilia machozi ya kweli.

"Washa, mama Ludkin," alisema. "Mungu anayetaka mfungo ndiye huyohuyo anayemrudisha mwanakondoo wako. Washa."

"Na moshi ukionekana? Mimi siruhusiwi kufungua mdomo ndani ya ibada. Nitakaa pale kama kisiki."

"Mwanamke hana ulimi katika nyumba ya ibada, hilo silibadilishi mimi. Lakini mimi ninao. Kesho ulimi wangu ni wako. Waje waingie wajifiche katika ghala lako la chini, nami nitawaambia watu kwa upole."

"Waambie mapema, mchungaji. Kabla hawajaomba wakapandwa na mori."

"Kabla sijafungua Kitabu. Una neno langu."

Tamsin alirudi nyumbani akaoka mkate wa mahindi kabla ya moto kufukiwa, akaukata vipande viwili vikubwa, kimoja cha mtoto na kimoja cha mgeni, akavifunika kwa kitambaa. Alhamisi asubuhi, ngoma ikilia, alifukua makaa, akapanga kuni za mwaloni zenye unyevu ili zifuke badala ya kuwaka, akaacha mlango haujakomewa. Alitoka bila kutazama juu, akaenda ibadani.

Wanaume walikaa karibu na mlango na bunduki zao. Wanawake upande wa pili. Amos Tuttle, mshika fimbo, alitembea katikati na ule mti wake mrefu wa kuamshia wanaosinzia, mwenye kirungu mwishoni. Njaa ilikuwa haijaanza kuuma bado, lakini nyuso zilikuwa tayari za watu wenye njaa. Wengi walikuwa wamezika mtu tangu theluji ilipoondoka.

Mchungaji Crane alisimama. Alimtazama Tamsin, akafungua mdomo. Tamsin aliona kabisa neno linakuja.

Gideon akasimama kabla yake. Siku ya mfungo mwanaume yeyote aliruhusiwa kusimama kutaja dhambi iliyoleta ghadhabu.

"Mnatafuta dhambi," alisema Gideon. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mnatafuta kwenye pombe, mnatafuta kwenye nguo za wake zenu. Mimi nitawatajia. Dhambi yetu ni huruma. Tuliwalisha hawa watu. Tuliwabatiza. Huyo aliyejenga ukuta wangu ndiye aliyewaonyesha wenzake penye mwanya. Mke wangu alikuwa akimpa maziwa! Mungu alitutuma kuling'oa pori hili, sisi tukamwekea pori kiti mezani."

Mngurumo wa kukubali ulipita kwenye mabenchi. Mtu alipiga kitako cha bunduki sakafuni, na mwingine, na wengine, mpaka mbao zikatetemeka. Wanawake nao walikuwa wakilia kwa meno yaliyobanwa.

Mchungaji Crane alizitazama zile nyuso. Kisha akafungua Kitabu.

Alihubiri vizuri. Hilo ndilo Tamsin hakumsamehe maisha yake yote, kwamba alihubiri vizuri. Alizungumzia ghadhabu, akazungumzia kidonda kilichofichwa ambacho lazima kipasuliwe, na kila aliposema kidonda watu waligeuka kutazamana. Walimpata wa kwanza haraka. Silas Mott, mwana wa mfinyanzi, alikuwa na nywele zinazofika mabegani, na gavana alishataja nywele ndefu miongoni mwa dhambi. Walimvuta mbele kwa hizohizo nywele. Wawili walimkalia, wa tatu akamnyoa kwa mkasi wa kondoo, na Silas alipojitikisa mkasi ukaondoka na ncha ya sikio. Damu ilitiririka shingoni hadi kwenye mbao. "Amina," watu walisema. Mama yake Silas alisema amina vilevile, kwa sababu Tuttle alikuwa amesimama karibu yake.

Tamsin alikuwa bado anamtazama mchungaji. Sema sasa, alikuwa akisema moyoni, sema sasa, we mtu. Crane alikuwa anatazama sikio la Silas.

Ndipo mlango ulipofunguliwa na mlinzi wa nje, Obadia Pell, akaingia mbio.

"Moshi! Dohani ya Ludkin inatoa moshi!"

"Ya Ludkin yupi? Mimi sina dohani," alisema Gideon.

"Ya marehemu Thomas. Na kuna mtu ndani. Nimemwona dirishani, mweusi wa nywele, si wa kwetu."

Wanaume walisimama kwa pamoja. Wote waligeuka kumtazama Tamsin, na Tamsin alimgeukia mchungaji. Saa ilikuwa imefika. Kwa maneno kumi mtu angeweza kuuzuia ule mji.

"Ndugu," alisema mchungaji Crane, amefumba macho. "Ndugu, tuombe."

"Waambie!" Tamsin alisimama. "Mchungaji, waambie! Ni Eleazar! Amemleta mwanangu, Dorkas yuko..."

Kirungu cha Tuttle kilimpata mdomoni. Jino moja lilitoka na lingine likalegea. "Kaa chini, mwanamke! Hapa si sokoni!"

"Ni Dorkas!" Damu ilimrukia Tuttle kifuani. "Shemeji! Gideon! Ni mwana wa ndugu yako!"

Gideon alishafika mlangoni. Kama alisikia, alisikia jina Eleazar tu. Wanaume walimiminika nje, bunduki zinagongana, na Tuttle akamrushia Tamsin fimbo shingoni kumbana kwenye benchi. Tamsin alimng'ata mkono. Hakumng'ata kidogo, alitafuta mfupa akaupata. Tuttle alipiga yowe, Tamsin akapita chini ya fimbo, akaruka mabenchi ya wanaume ambako mwanamke hajawahi kukanyaga, akatoka mbio.

Alikimbia ameshika sketi kwa mikono miwili. Mbele yake aliona migongo, mashoka mikandani, na juu ya paa lake ule moshi mzito wa mwaloni alioupanga kwa mikono yake mwenyewe.

Eleazar alitoka kabla hawajauvunja mlango. Alitoka mikono wazi, juu, amevaa ile suruali na lile koti la Kiingereza alilopewa na Thomas. Aliwaona ni wangapi, akapiga magoti kwenye kizingiti, akaanza sala, ile sala ambayo kila mmoja pale alifundishwa na mama yake. Aliisema kwa Kiingereza, taratibu, bila kukosea. Baadhi walisimama. Kuna mmoja alivua kofia bila kukusudia.

"Hata shetani anaijua," mtu alisema nyuma, na bunduki ikalia.

Risasi ilimpata kifuani. Alikaa chini kwa namna ya mtu aliyechoka, akaendelea na sala, maneno yanatoka na povu. Ndipo Gideon akamfikia. Alimpiga shoka la kwanza begani na la pili shingoni. La tatu na la nne yalipigwa na wengine, maana kila mtu alitaka kuwa na lake, hata wazee, hata Silas Mott na sikio lake linavuja. Walimpiga hadi koti halikujulikana lilikuwa la rangi gani. Tamsin alifika akajitupa katikati, akapigwa kiwiko jichoni, akatupwa ukutani.

Kilio kilitoka ndani ya nyumba. Ilikuwa sauti ya mtoto.

Gideon aliacha shoka. Aliingia, akatoka amembeba Dorkas, kifua chake kikubwa kinatikisika kwa kulia. "Nimempata! Mtoto wa Thomas! Nimempata, Mungu ni mwema, nimempata!" Alimbusu kichwani, na damu ya mikono yake ikabaki kwenye nywele za mtoto. Dorkas alikuwa anapiga kelele kwa lugha ya Wanipmuk, anamkwangua macho, ananyoosha mikono kuelekea kizingitini.

"Ni muujiza," alisema mtu. Watu wakaanza kuvua kofia. Mchungaji Crane alifika mwisho, anahema. Aliiona ile maiti, akamwona mtoto, akamwona Tamsin ukutani na mdomo wake uliopasuka. Akageukia nyasi akatapika, lakini hakikutoka kitu, kwa kuwa alikuwa amefunga.

Walimkata Eleazar kichwa wakakisimika langoni. Mwili waliuburuza kwa kamba hadi bondeni. Kabla ya hayo yote, Tamsin aliufikia kwa magoti, akaingiza mkono ndani ya koti, sijui alitafuta nini, pengine moyo kama bado unadunda. Akatoa kitambaa chake mwenyewe. Ndani kulikuwa na kipande cha mkate, kizima, hakikuumwa, na katikati yake tundu la risasi limejaa damu.

Jua lilipozama, dohani zote zilianza kutoa moshi, na harufu ya maharage na nguruwe ikajaa mji mzima. Gideon alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha shemeji yake, hakutaka kuondoka, mikono hajanawa. Tamsin alikuwa ndani na mtoto mapajani na mkate mezani. Alikuwa anauliza tu, hakumuuliza mtu.

"Kwa nini hakula? Alitembea njia yote ile. Nilimwekea yeye. Kwa nini hakula?"

Dorkas ndiye aliyejibu, na lilikuwa neno lake la kwanza la Kiingereza tangu arudi.

"Alisikia ngoma, mama. Alisema leo ni mfungo. Akasema mimi mtoto naruhusiwa, nile. Yeye akasema atakula jua likizama."

Kizingitini Gideon alikuwa amegeuza kichwa. Alimtazama mtoto, kisha mkate. Alijaribu kusimama akashindwa, akashika mwimo wa mlango, na pale aliposhika pakabaki alama ya vidole vitano.

"Alikuwa amefunga," alisema.

"Alikuwa amefunga, shemeji," alisema Tamsin. "Na mchungaji alijua anakuja. Nilimwambia jana. Aliniahidi atawaambia."

Gideon aliinuka. Alikwenda langoni, akakishusha kile kichwa mbele ya walinzi wawili, na hakuna aliyemgusa. Alikizika chini ya ukuta wa mawe, ule alioujenga Eleazar.

Kosa la moshi Tamsin alisamehewa. Mungu ameligeuza kuwa baraka, ndivyo mchungaji alivyowaambia wazee wa kanisa. Alikuja mlangoni kwake mara moja kueleza. "Nilitaka kusema," alisema. "Niliziona nyuso zao, mama Ludkin, nikaogopa wangeniua na mimi." Tamsin alimfungia mlango kwenye vidole. Aliwaomba wazee waandike kwa wakubwa juu ya mwanamke fulani na mtoto wake kisiwani. Walimwambia awaache wanaume na mambo ya wanaume, amshukuru Mungu.

Na kweli shukrani zilikuja. Wiki zile vita viligeuka. Kambi ya Wanipmuk ilizingirwa mtoni na watu wa humo wakauawa, wengi wao wanawake na wazee, na gavana akatangaza siku ya shukrani kwa koloni nzima. Harrowfield walijua kusherehekea kama walivyojua kufunga. Tangu asubuhi kila dohani ilifuka. Bata bukini walizungushwa motoni, maandazi ya malenge yakapangwa madirishani, na mapipa ya kinywaji cha tufaha yakatolewa uani. Kwanza ibada, kisha karamu.

Dohani ya Tamsin haikuwa na moshi.

Mchungaji Crane alisoma shukrani moja baada ya nyingine kwa ile sauti yake nzuri. Alishukuru kwa mvua. Alishukuru kwa ushindi wa mtoni. "Na kwa binti yetu Dorkas Ludkin," alisoma, macho kwenye karatasi, "aliyeokolewa kutoka mikononi mwa adui kwa ushujaa wa watu wa mji huu."

Tamsin alisimama. Alitembea katikati ya mabenchi hadi mbele, akafungua kitambaa juu ya meza chini ya mimbari. Mkate ulikuwa umekauka ukawa kama tofali, na lile tundu limekuwa jeusi.

Tuttle alikuwa ameshanyanyua fimbo, mkono mmoja bado una bendeji. Gideon aliinuka, akaipokea ile fimbo katikati ya hewa, akaivunja gotini. Kisha akaenda mlangoni, akaufunga, akakaa chini ameuegemea, bunduki mapajani.

"Atakayetoka nitampasua," alisema, bila hasira. "Nimeshaua mtu aliyekuwa anasali. Ninyi hamnishindi. Sema, shemeji."

Hakuna aliyejongea. Mtoto mmoja alianza kulia na mama yake akamziba mdomo.

"Huu ni mkate wa Eleazar," alisema Tamsin. Pengo la jino lilifanya maneno yatoke na upepo, lakini yalifika nyuma. "Sote tulifunga siku ile. Sisi tulifunga tukamnyoa mtu sikio. Tulifunga tukamkata mtu vipande mlangoni kwangu. Yeye alitembea na mwanangu mgongoni, akasikia ngoma yenu, akaweka chakula ndani ya koti kwa sababu mlisema ni siku ya Bwana." Alimgeukia mchungaji. "Mchungaji, uliniahidi ulimi wako, ukaninyima. Yamepita. Leo nakuomba meno tu. Kula."

Mchungaji Crane alishuka. Aliutwaa ule mkate kwa vidole vyake vyembamba, akautazama, akatazama bunduki ya Gideon. Harufu ya bata wa karamu ilikuwa inaingia kupitia nyufa za ukuta. Aliuinua ule mkate hadi mdomoni.

"Bado!"

Ilikuwa sauti ndogo, kutoka benchi la wanawake. Dorkas alikuwa amesimama juu ya benchi, uso umekunjamana kwa wasiwasi wa mtoto anayeona mkubwa anakosea.

"Mama, mwambie asile. Eleazar alisema mpaka jua lizame."

Mkono wa mchungaji ulishuka. Tamsin alimtazama mwanawe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile machozi yakamtoka.

"Kweli," alisema. "Tutangoja basi."

Akaketi sakafuni mbele ya meza, pale palipokuwa bado na doa la damu ya sikio la Silas. Mchungaji naye akaketi, mkate mapajani. Mlangoni Gideon hakusogea. Ilikuwa bado asubuhi. Nje, nyama zilianza kuungua kwenye kila moto wa mji, moshi ukawa mweusi, na hakuna aliyekwenda kuzigeuza. Harrowfield ikafunga.